Kivuli cha Mninga Juu ya Mwamba wa Ottilia

Ottilia alimwaga usipa juu ya mwamba wake, akawatawanya kwa ufagio wa chelewa mpaka kila samaki akalala peke yake. Hapa Ngindamo, kijiji cha ufukweni kusini mwa Lundo, kila mwanamke ana mwamba wa kuanikia, na huurithi kwa mama yake. Wa Ottilia ni mpana na umeinamia ziwa kidogo, kwa hiyo maji hayatuami. Alikuwa anamalizia kona ya mwisho wakati kivuli cha mti mkubwa kilipoteremka kutoka mlimani na kusimama juu ya usipa. Mti wenyewe haukuwapo.

Gertruda, aliyekuwa akianika kwenye mwamba wa jirani, aligeuka kutazama.

"Na wewe umepata chako," alisema. "Afadhali. Ulikuwa unatucheka."

Vivuli vilianza kushuka mwaka ule shirika la mbao la serikali lilipofungwa ili liuzwe. Zamani wachimbaji wa dhahabu walikuwa wametoboa mlima, wakaondoka na kuacha shimo ambalo sasa limejaa maji. Baada yao shirika lilikata miti mpaka upande wote unaotazama ziwa ukabaki visiki. Sasa vivuli vya miti ile vilikuwa vinateremka kimoja kimoja, vikitafuta mahali pa kukaa. Kimoja kilikaa shuleni, na darasa la tatu, ambalo halikuwa na paa, likahamia hapo. Kingine kilikaa mbele ya kigango, na katekista akakipangia mabenchi. Mbuzi walivipenda vyote.

Cha Ottilia kilikuwa na tabia yake. Asubuhi kilisimama wima. Kabla ya mchana kilianza kuyumba, kisha kikaanguka bila sauti na kulala kukatiza mwamba mpaka majini. Kilipokwisha kuanguka, ilionekana miguu ya mtu ikitokeza chini ya kivuli cha shina, kuanzia magotini. Nayo ilikuwa kivuli. Mguu wa kushoto ulikuwa umepinda kwa ndani.

Ottilia aliutambua. Florian, mume wake, alizaliwa na mguu huo. Alikuwa mkata miti wa shirika. Shirika lilisema alikufa maji katika shimo la wachimbaji, siku ya mapumziko, akiwa amelewa. Maiti ilitolewa shimoni kweli, watu waliiona. Tangu siku hiyo watoto wa Ottilia huitwa watoto wa mlevi, nyumbani kwa baba yao na hata shuleni.

Kesho yake alimwita Elias, aliyekuwa msimamizi wa wakataji wakati ule. Elias alikuja mchana, kivuli kikiwa kimekwisha kuanguka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Lidia. Usipa wako wananuka."

"Tazama hapo chini."

Elias alitazama. "Ndivyo mti ulivyoanguka," alisema. "Ulitakiwa uende upande wa pili. Kulikuwa na upepo."

"Kwa nini alikutwa shimoni?"

"Bwana mkubwa wa shirika ndiye aliyesema apelekwe shimoni. Sisi tulibeba tu. Alikuwa mzito."

"Na pombe?"

"Pombe gani? Florian alikunywa togwa kama mtoto wa kuachishwa ziwa. Tulimcheka sana."

"Maneno hayo utamwambia mtu wa Mbinga akija?"

Elias alitazama ziwa. Alisema mwekezaji aliyenunua mlima amemchukua tena kuwa msimamizi.

Mtu wa Mbinga alikuwa Bwana Benjamin, ofisa mwenye asili ya Singida aliyepewa kazi ya kuzika shirika, yaani kufunga hesabu zake. Alifika na Land Rover wiki ileile, akavua viatu, akapima kivuli kwa futi ya kamba. Alisema ni mninga wa daraja la kwanza. Kisha alikaa kusubiri kianguke, akila muhogo wa kuchoma aliopewa na Gertruda. Kilipoanguka alisogea karibu na miguu na kuichunguza kwa makini.

"Hiki ni kivuli cha mti wa shirika," alisema. "Sina ubishi. Mti uliuzwa na umeshaingia kwenye mahesabu."

"Na mtu?" Ottilia aliuliza.

"Mtu simwoni, mama. Ninaona miguu."

"Ni ya mume wangu. Nataka isemwe kwamba alikufa kazini, tena akiwa hajalewa. Sitaki kitu kingine."

"Pole sana. Lakini shirika halipo, na kisichokuwapo hakiwezi kusema. Mwekezaji naye amenunua mlima na mashine. Hakununua ajali."

"Sasa ajali mmempa nani?" Gertruda aliuliza.

Bwana Benjamin alilifikiria swali hilo kwa dhati. "Hazikupata mnunuzi," alisema.

Kabla ya kuondoka alimuuliza Elias, aliyekuwa amekuja kutazama, kama kuna analolijua. Elias alisema siku Florian alipokufa yeye alikuwa Lundo, kwenye harusi. Alisema hivyo akiwa amesimama ndani ya kivuli, pembeni ya miguu. Hakuikanyaga.

Jioni Mzee Thadei, mjuzi wa mila za kijiji, alikuja mwambani, na nyuma yake Gertruda amebeba ugali na samaki. Thadei alieleza kwamba zamani mti mkubwa haukukatwa hivi hivi. Wenyeji walikaa chini yake, wakala, wakakiaga kivuli, nacho kikaenda zake. Shirika lilipokuja lilikuwa na malengo ya kila mwezi, kwa hiyo chakula hicho kiliondolewa. Lakini kivuli kinaweza kuagwa hata sasa, akila mwenye mwamba. Kikiagwa hakirudi, na kinaondoka na kila kilicho chini yake.

"Kula, mwanangu," Thadei alisema. "Tonge moja linatosha. Kesho utaanika."

"Usipa ndio kwanza wameanza kutoka," Gertruda aliongeza. "Wanunuzi wa Kingerikiti wako njiani. Wewe utawauzia kivuli?"

Ottilia alinawa mikono. Alikaa mbele ya sahani mpaka ugali ukashika ngozi juu.

"Nimeshiba, baba," alisema.

"Umeshiba nini? Tangu asubuhi hujatia kitu mdomoni!"

"Nimeshiba, Gertruda."

Thadei hakubishana. Walifunika chakula, wakarudi nacho nyumbani. Siku iliyofuata Gertruda aliwasogeza usipa wake upande mmoja, akamwachia Ottilia ukingo wa mwamba wake, ule unaopigwa na mawimbi. Samaki wa hapo hukauka nusu, na wanunuzi huwachukua mwisho.

Mwekezaji alianza kukata upande wa pili wa mlima baada ya mvua. Mchana wafanyakazi wake hushuka kupumzika kwenye kivuli cha mninga, kwa kuwa ndicho kikubwa kuliko vyote. Ottilia huwaomba wasilalie miguu. Wanamwomba radhi na kusogea.

Juzi kijana mmoja mgeni, mtu wa Kitura, alijiinua kwa kiwiko akaitazama ile miguu.

"Huyu ndiye yule mlevi?"

"Ndiye," Elias alimjibu, akapuliza filimbi ya kurudi kazini.