Ukurasa wa Kushoto wa Daftari la Makosa

Ulipita pale. Usiniambie hukupita. Kila anayetoka karakana za reli kwenda sokoni Kariakoo hupita mbele ya ile nyumba ya bati jekundu mtaa wa Gerezani, na wewe ulipofika dirishani ukasikia mtu mzima analia kama aliyebanwa na mlango, ukavuka barabara. Ukaanza kutafuta kitu mfukoni ambacho hukuwa nacho. Nilikuona. Nakujua kwa sababu miaka miwili mizima nami nilivukia hapo hapo.

Mle ndani walikaa watu wazima tisa wenye mtindio wa akili. Mtaani tuliwaita mataahira, tukacheka, kisha tukaenda zetu mkutanoni kuupigia makofi usawa wa binadamu. Nyumba waliifungua akina mama wa tawi letu la chama, wakamweka Leodegar awe msimamizi, mwalimu mstaafu, si mtu mbaya, ila alikuwa amechoka. Aliyemchosha kuliko wote ni Bakili, mtu wa Liwale, miaka ishirini na tisa, mabega ya kuli, maneno yake yote hayazidi kumi. Bakili akikasirika alipiga. Akishapiga, Leodegar na mpishi walimfunga kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya baraza mpaka alasiri. Halafu Leodegar aliandika kwenye daftari la makosa: tarehe, kampiga nani, kavunja nini.

Mwaka themanini na moja akaja mlezi mpya, Severa, mama wa Masasi aliyewahi kubangua korosho kiwandani. Siku ya kwanza tu aliuliza kwa nini daftari limeandikwa kurasa za kulia peke yake. Leodegar akamwambia wino unapenya. Basi Severa akaziomba zile za kushoto. Kulia Leodegar aendelee kuandika alichofanya Bakili. Kushoto yeye ataandika kilichotokea kabla.

"Kabla ya nini?" Leodegar akauliza.

"Kabla ya ngumi, mwalimu. Ngumi haidondoki yenyewe kama embe."

Mzee wa watu akacheka, akampa kalamu.

Sasa kumbuka foleni za mwaka ule, kama hujajifanya umezisahau. Duka la ushirika likitangaza sukari au unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, watu walifika alfajiri, na hakuna aliyeweza kusimama saa sita nzima. Uliweka jiwe, au kopo, au ndala moja, ukaenda kazini. Jiwe likasimama badala yako. Severa alikwenda na Bakili ili amsaidie kubeba unga, na wiki tano pale foleni hapakuwa na neno. Wiki ya sita, Jumanne, Bakili alimkamata kifuani Wilbert, balozi wetu wa nyumba kumi, akamtupa juu ya magunia mbele ya watu. Jino moja la mbele likang'oka.

Wilbert akaitisha kikao Jumamosi, saa nne asubuhi, pale pale barazani. Hoja ilikuwa moja: Bakili aondolewe Gerezani, apelekwe hospitali ya vichaa, mbali, huko ambako watu wawili wa mtaa wetu walikwenda na hatujasikia habari zao tena. Mama yake Bakili alikuwa amekufa. Akishaondoka, hakuna ambaye angemuulizia. Barua ilikuwa tayari, imebaki mikono ya wajumbe. Niliichapa mimi, maana ndiye niliyekuwa katibu.

Bakili mwenyewe alikuwa amefungwa nguzoni, hatua tatu kutoka mezani kwetu. Tulijadili kichwa chake kana kwamba hana masikio.

Severa akasimama na daftari. Wilbert akasema kikao hakikuja kusikiliza hadithi. Hapo ndipo alipoingilia Candida, mkaanga samaki, ambaye asubuhi ile alikuwa ametoka soko la samaki la Feri na ndoo yake bado inanuka.

"Mwache asome, ndugu balozi. Limetoka jino, masikio yapo."

Watu wakacheka, na Severa akapata nafasi. Alisoma taratibu, kama mtu anayepanga sahani. Tarehe nne, kulia: amempiga mpishi. Kushoto: mpishi alimpa uji Nassibu, mkazi mwenzake aliyekuja wa mwisho, akamruka Bakili. Tarehe tisa, kulia: amevunja ndoo. Kushoto: zamu yake ya kuoga alipewa mwingine. Alisoma mara kumi, na mara zote kumi Bakili alikuwa ameona mtu anarukwa zamu. Kisha akataka kufunga daftari.

"Na ya Jumanne?" Candida akauliza.

Severa alimtazama Wilbert. Wote tulijua kwamba neno moja la balozi tawini lingemwachisha Severa kazi kabla ya adhuhuri, na ana watoto watatu. Akafungua ukurasa, akasoma.

"Kulia: amempiga balozi. Kushoto: balozi alisogeza mawe matatu nyuma, akaweka lake mbele."

Tukasikia nyundo za karakana. Halafu mama mmoja akasema polepole kwamba wiki mbili mfululizo sukari ilimwishia mbele ya macho, akadhani amechelewa. Mwingine naye. Candida akasema lile kopo la bluu lililokutwa nyuma kila mara lilikuwa lake, na siku zote alikuwa akiwalaumu watoto. Sote tulipanga foleni ile, wenye akili zetu timamu, na aliyeuzuia wizi ni mmoja tu, naye tumemfunga kamba.

Wilbert akaanza kueleza kuwa kiongozi ana shughuli nyingi. Hakumaliza. Nilipoitisha kura ya barua, uliinuka mkono mmoja, wake, nao ukashuka wenyewe.

"Sisemi alifanya vizuri," Severa akasema. "Jino ni jino. Ila kamba haijamfundisha kitu miaka yote hii. Nipeni mimi mwezi mmoja."

Aliyefungua fundo ni Leodegar.

Haikuwa miujiza. Wiki ya kwanza Bakili alimpiga muuza duka, kwa sababu duka lilifungwa mapema na hakuna aliyemwambia. Severa akaliandika hilo kushoto. Tangu hapo walimweleza kila kitu kabla hakijatokea: leo unga, kesho hakuna, baada ya Nassibu ni wewe. Badala ya ngumi akafundishwa kuvuta khanga ya Severa na kuonyesha kidole. Candida akapendekeza apewe ulinzi wa mawe, akapewa. Akavuta ile khanga mpaka ikachanika, lakini mawe hayakusogea. Mwezi ulipokwisha, Wilbert alifika na jiwe lake, akaliweka mwisho kabisa wa foleni. Bakili akalisukuma kidogo kwa mguu, likae sawa na mengine.

"Zamu," akamwambia.

"Nimesikia, ndugu," Wilbert akajibu.

Sasa wewe. Kuna chumba cha uani hapo Magomeni unapokaa kilichofungwa kufuli kwa nje. Unakijua, na unamjua anayelia humo. Kiweke chini ulichoshika, kabla hujala chakula cha leo, nenda ukabishe hodi. Uliza anaitwa nani. Uliza nini hutokea kabla hajalia, uandike, na usiondoke mpaka kufuli limefunguliwa.