Matundu Manane

Mjukuu wangu alinichukua twende naye duka la vyombo vya muziki kwa sababu, alivyosema, wauzaji wanaona haya kumdanganya msichana aliyefuatana na bibi yake. Anarekodi bendi nyumbani kwangu, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya marehemu babu yake. Kuta ameziziba kwa magodoro ya zamani, na mlangoni ametundika blanketi langu la kahawia, ambalo nililitafuta wiki nzima kabla ya kulikuta huko.

Kifaa chake cha kwanza kilikuwa kimekufa. Sasa alikuwa anachagua kati ya viwili. Kimoja kilikuwa miksa, pana kama meza ya kukatia kitambaa, imejaa vitufe vya kuzungusha na vitaa vyekundu na kijani. Cha pili kilikuwa kisanduku cheusi cha chuma, kina matundu manane ya kuchomekea maiki na basi. Wenyewe wanakiita saundi kadi.

"Bibi, mshauri achukue miksa," muuzaji aliniambia. "Mteja akiingia akaiona hii, anajua amefika studio. Hicho kingine akikiona atadhani ni chaja."

"Lakini hii inaingiza sauti kumi na sita," mjukuu wangu akasema, "halafu kwenye kompyuta inanipa njia mbili tu."

"Ndiyo, kulia na kushoto. Kwani wewe una masikio mangapi?"

Watu dukani wakacheka, na yeye akacheka, lakini mkono wake haukutoka kwenye kisanduku. Akanigeukia akanieleza kwa lugha yangu. "Bibi, miksa hii ni kama kufua nguo zote beseni moja. Nyekundu ikichuja, basi, zote zimeharibika. Hiki, kila nguo ina beseni lake."

Nikamuuliza muuzaji, "Mtu mmoja akiimba vibaya, anaweza kutolewa baadaye, mwenyewe asijue?"

Muuzaji akanitazama upya. "Kwa miksa hii, labda umtoe palepale anapoimba. Ikishaingia kwenye kompyuta, imeingia. Kwa kisanduku unamshusha yeye peke yake, hata baada ya mwaka."

"Basi tunachukua kisanduku."

Mjukuu wangu alinikumbatia mbele za watu. Alidhani nimeielewa kazi yake. Nikamwacha adhani hivyo.

Niliyetaka kumtoa alikuwa wifi yangu.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, anaitwa Zumari tangu usichana wake. Jina alilopewa na wazazi limebaki kwenye kitambulisho. Nilipoolewa nilimkuta na jina hilo, na asubuhi ya kwanza nilipomsikia akiimba huku anadeki sebule sikuhitaji kuuliza limetoka wapi. Kikundi chetu cha akina mama watano tunaoimba arusini ni yeye aliyekianzisha. Kila wimbo yeye ndiye aliyekuwa akiutoa, sisi tunapokea.

Mwaka jana mtu alitupiga video kwa simu. Tuliposikiliza, kila mwisho wa mstari kulikuwa na sauti moja inayoporomoka, kama mtu anayeteremka ngazi wakati wenzake wamesimama juu. Ya nani, haikujulikana, maana simu ilikuwa imetuzoa wote pamoja. Wenzangu wakanitazama mimi. Wananijua kuwa mimi ndiye mwenye subira, ndiye anayesikiliza kwanza ndipo aseme.

Nikasema taratibu, "Ni umri, jamani. Zumari amechoka."

Yeye hakuwepo siku hiyo, alikuwa kliniki na mkwe wake. Na sikuwa nasema uongo kwa kukusudia. Niliamini. Lakini nafasi ya kutoa wimbo ilikuja kwangu, na sikuikataa.

Tulimwambia kwa upole, na upole wenyewe niliupika mimi. Tukampa kayamba, akasimama nyuma, akawa anaimba chini chini. Hakubisha. Alianza kutafuna tangawizi mpaka midomo ikamwasha, na tukimaliza mazoezi alikuwa ananivuta pembeni: "Wifi, leo nimeshuka tena?"

"Kidogo tu," namjibu. "Usijali."

Miezi minane nilimjibu hivyo.

Siku ya kurekodi kikundi chetu ilikuwa Jumamosi, mchana. Mjukuu wangu alikuwa amebandika karatasi zenye namba kwenye maiki. Mimi moja, kwa kuwa ndimi mtoa wimbo, na Zumari nne. Gitaa likachukua tundu la sita, ngoma zikachukua mawili yaliyobaki.

"Mimi niweke kule mlangoni," Zumari alimwambia, "nisije nikawachafulia."

"Bibi Zumari, hapa hakuna mlangoni. Kila mtu na maiki yake."

"Hee, hata mimi?"

"Hata wewe."

Akaishika ile maiki kwa vidole viwili, kama anaogopa kuivunja. Tukaimba mara tatu, mjukuu wangu akasema imetosha.

Jumatatu nilimpelekea chai kwenye kile chumba. Alikuwa amevaa hedifoni, anatazama mistari minane kwenye kompyuta, mmoja juu ya mwingine. Nikaketi. Nikamwambia, kama mtu asiye na haraka, "Nipe namba nne peke yake nisikie."

Akanivalisha hedifoni, akabonyeza.

Wengine walisikika kwa mbali, kama watu walioko chumba cha pili. Zumari alikuwa hapa hapa, karibu na sikio langu. Sauti ilikuwa ndogo kwa sababu ya woga, lakini ilinyooka, ikafika mwisho wa mstari ikasimama. Mstari wa pili, vilevile. Nikasubiri wa tatu. Ikasimama.

"Umeinyoosha kwa mashine?"

"Sijagusa kitu, bibi."

"Basi anayeshuka ni nani?"

Akaanza kukunja waya ambao ulikuwa umeshakunjwa. "Tusikilize gitaa kwanza."

"Ni nani?"

"Chai inapoa, bibi."

Nikanyoosha mkono nikabonyeza namba moja mwenyewe, nilikuwa nimemwona anavyofanya. Nilijitambua kabla ya neno la kwanza, kwa kile kikohozi kidogo ninachotoa kila ninapotaka kuanza. Kisha nikajisikia nikiimba. Mwisho wa mstari nikaporomoka. Wa pili, nikaporomoka. Sikuwa hata na haraka, nilikuwa nateremka kwa raha zangu.

Nilivua hedifoni nikaziweka mezani.

"Ulijua lini?"

"Jumamosi. Lakini hata kwenye ile video nilihisi."

"Mbona hukusema?"

"Wewe ndiye uliyekuwa umesema, bibi. Mimi ningeanzia wapi?" Akazungusha kikombe. "Usiwe na wasiwasi, nimeshakushusha. Hakuna atakayejua. Si ndivyo ulivyouliza dukani?"

Hakuwa ananisuta. Alikuwa anaitaja kazi ya mashine tu. Lakini uso wangu uliwaka hata nikasingizia joto la magodoro.

Jumatano Zumari alipita kuazima sindano. Alikaa kwenye stuli ya jikoni, akahangaika na uzi, mwisho akauliza alichokuja kuuliza. "Mjukuu anasemaje? Nimeharibu sana?"

"Umetoka vizuri."

"Usinifariji, wifi."

Ningeweza kusema pale pale. Tulikuwa wawili, mlango umefungwa, maji yanachemka. Nikainuka nikaenda kutazama maji.

Jumamosi iliyofuata kikundi kizima kilikuja kusikiliza, na mpiga gitaa na mpiga ngoma nao. Chumba kilijaa, wengine wakakalia magodoro yaliyoangushwa kutoka ukutani. Wimbo ulipoanza kutoka kwenye spika, kila mtu alitazama chini kama tulivyozoea kufanya tukijisikiliza. Kisha vichwa vikaanza kuinuka. Ulikuwa wimbo safi. Hakuna aliyeteremka.

Ulipoisha, Zumari alimshika mjukuu wangu mkono, macho yamejaa maji. "Umenificha vizuri, mjukuu wangu. Nimetega sikio mwanzo hadi mwisho, sijajisikia popote ninapoharibu. Mungu akulipe."

Mjukuu wangu alinitazama. Hakunihimiza, alinitazama tu.

"Weka namba moja peke yake," nikasema.

"Bibi."

"Weka."

Sauti ikatoka. Mstari wa kwanza ukaanguka, na mwenzetu mmoja muuza maziwa, ambaye hakai kimya hata kanisani, akasema, "Huyu naye anateremka kisimani kufuata nini?" Wakacheka. Mstari wa pili ulitanguliwa na kile kikohozi. Kicheko kikakatika kwa mmoja, kikakatika kwa mwingine, mpaka akabaki mpiga ngoma anacheka peke yake, naye akaacha.

"Ni mimi," nikasema. "Hata kwenye ile video nilikuwa mimi. Sasa weka namba nne."

Zumari alijisikiliza hadi mwisho, kiganja chake kikiwa kooni. Hakunitazama. Alizungumza na spika.

"Miezi minane, wifi."

"Ndiyo."

"Nimetafuna tangawizi ya shamba zima."

Hakuna aliyecheka.

"Umejua lini?"

Ningeweza kusema leo. Mjukuu wangu asingenisemea. "Jumatatu."

"Na Jumatano nilikuja kuazima sindano."

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali bei asiyoipenda. Akachukua mkoba wake, akaliinua lile blanketi la mlangoni, akaenda. Kayamba lilibaki kwenye kiti chake. Wenzangu waliondoka mmoja mmoja bila kuniaga vizuri, na muuza maziwa, wa watu wote, alinigusa bega akapita kimya.

Siku ya mazoezi nilifika mapema nikakaa nyuma. Sikujua kama atakuja. Alikuja wa mwisho. Alisimama katikati, mahali pake, akatuhesabu kwa macho, kisha akaliokota kayamba pale kitini akaja kuniwekea mapajani.

"Mwisho wa mstari unafunga mdomo," akasema. "Mkono uendelee."

Akatoa wimbo. Nikafunga mdomo pale aliponiambia, nikatikisa.

Wimbo ule mjukuu wangu anaurekodi upya wiki ijayo, kwa maiki zilezile. Zumari anatangulia, na karatasi zimebadilishwa. Tangu siku ile hajaniita wifi. Ananiita Namba Moja. Jana alipita dirishani akaniita hivyo mbele ya majirani, "Namba Moja, sindano yako hii hapa," na majirani wakadhani ananisifu. Nikatoka nikaipokea kwa mikono miwili.