Kipimo Kiko Wilayani

Usiku wa jana, nikiwa nimelala na viatu kwa sababu ya mgonjwa, niliota mashine ya zahanati yetu ya kupimia sukari kwenye damu imeamka na inataka kuonana nami.

Kwanza niseme yaliyo ya kweli. Mimi ni tabibu wa Zahanati ya Mwanzugilo. Watu wananiita dokta, nami nimeacha kuwasahihisha. Jana jioni nilimwacha mtoto kwenye chumba cha mapumziko, Milembe, wa miaka tisa, yeye na mama yake. Ameletwa mara tatu ndani ya wiki tatu, na mara zote tatu nimemwandikia malaria. Vipimo vya malaria vilikwisha mwaka jana, mwezi wa tatu, kwa hiyo nilimpima kwa kiganja, nikakiweka kwenye paji la uso wake, kama ninavyowapima wote siku hizi. Mtoto anakonda, anamaliza ndoo ya maji peke yake, na jana hakuweza hata kusimama. Alikuwa anavuta pumzi ndefu, za haraka, mithili ya mtu aliyepanda mlima. Niliogopa atanifia. Ndiyo maana nililala na viatu.

Sasa ndoto.

Mashine iko juu ya kabati, chini ya kitambaa cha kufuma. Muuguzi aliyestaafu ndiye aliyekifuma siku ilipoletwa, kwa kuwa kwetu kitu kizuri hakiachwi wazi. Inakisogeza kitambaa pembeni, inanitazama kwa kile kioo chake kidogo.

"Dokta, nina miaka minne hapa sijaonja damu."

"Stripu zako, vile vijikaratasi vya kuwekea damu, hazijaja," nasema.

"Zilikuja."

"Zilikuja za mashine nyingine. Hazikuingia."

"Nilifungua mdomo. Hukusukuma."

"Nilisukuma, zikajikunja."

"Kwenye ripoti uliandika kwamba nipo?"

"Niliandika."

"Na kwamba nafanya kazi?"

"Fomu iliuliza kama upo. Mambo ya kufanya kazi haikuyauliza."

"Basi kazi yangu nimeshaifanya," inasema, na inajifunika tena.

Nageuka nifungue dirisha nipate hewa. Dirisha ni mlango, na mlango unaingia ukumbi wa semina. Kuna viti vya plastiki vilivyovikwa vitambaa vyeupe, na chupa ndogo za maji mbele ya kila kiti. Kwenye kiti cha mgeni rasmi ameketi Rejesta, kile kitabu chetu kikubwa cha wagonjwa, jalada limechakaa, anajipepea kwa kurasa zake mwenyewe. Ukutani pameandikwa kwa herufi kubwa: UGONJWA USIO NA KIPIMO HAUPO. Nadhani ni kaulimbiu ya mwaka. Mlinzi wa mlangoni ananiambia si kaulimbiu, ni sheria, imeanza kutumika leo asubuhi.

Mbele yangu kuna mtu amezuiwa. Ni mwembamba, shati limepigwa pasi, ameshika bahasha ya kaki kama watafuta kazi wote wa nchi hii.

"Jina?" mlinzi anauliza.

"Kisukari."

"Una kipimo?"

"Sina. Mahali ninapoishi hakipo."

"Basi na wewe hupo. Pisha wenzako."

Kisukari anapisha. Hana hasira, amezoea. Ananiona, ananipa mkono, na mkono wake unanata.

"Dokta, tunafahamiana," anasema.

"Sidhani. Nilikusoma chuoni, ukurasa mmoja na nusu. Ulikuwa ugonjwa wa watu wanene wa mjini."

"Nimekaa kwenye benchi lako miaka minne. Huwa nakaa upande wa kushoto wa mgonjwa. Unamwita mgonjwa, tunaingia wote wawili, unamwandikia malaria, tunatoka. Hujanisalimia hata mara moja."

Namwambia samahani. Ni kweli naona aibu, kwa sababu kwetu kumpita mtu bila salamu ni kosa kubwa kuliko kumtibu vibaya. Ananiuliza kama naweza kumwombea nafasi kwa Rejesta. Namwahidi nitajaribu.

Pembeni ya Rejesta kuna meza imejaa mafaili, na nyuma ya mafaili kuna karani amelaza kichwa. Ni Malaria. Nilitegemea kumkuta na kiburi, lakini macho yamemvimba, hajalala siku nyingi.

"Dokta, afadhali umekuja," anasema. "Naomba nipunguziwe."

"Upunguziwe nini?"

"Kazi ambazo sikuzifanya. Mwaka jana umeniandikia watoto kumi na mmoja. Mimi niliua wanne. Hao wanne nakubali, siwezi kukataa. Hawa saba ni wa nani?"

Ananisomea majina. Nayajua yote. Wawili kati yao nilihudhuria mazishi, nikala wali. Katika kila jina, kwenye safu ya kipimo kilichotumika, pameandikwa kiganja, kwa mwandiko wangu.

"Walikuwa na homa," najitetea.

"Hata mimi nina homa," Malaria anasema. "Siyo kila mwenye homa amekutana na mimi."

Namgeukia Rejesta. Namweleza kwamba kuna mgonjwa wangu, Milembe, na kuna bwana mmoja pale mlangoni mwenye bahasha, na nina wasiwasi hao wawili wako pamoja. Naomba waandikwe.

Rejesta anafungua ukurasa, anaupitishia kidole ambacho hana. "Milembe ameshaandikwa. Malaria, mara tatu. Nimependezwa sana na ukurasa huu, haujafutwa hata neno moja."

"Nataka kufuta."

"Lete kipimo."

"Hakipo."

"Kipo," Rejesta anasema. "Kipimo kiko wilayani."

Akishasema hivyo, ukumbi unakwisha. Niko barabarani, jua la saa sita, vumbi mpaka magotini. Kutoka kwetu mpaka wilayani ni kilomita sitini na mbili. Mbele yangu linatembea tone la damu. Limevaa kandambili, limebeba fomu yake kichwani.

"Shikamoo, dokta," linasema. Sauti ni ya Milembe.

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

"Kupimwa. Wamesema mwenye kutaka kipimo akifuate."

Naongozana nalo. Jua linalikausha. Kila tukipita kijiji linakuwa dogo zaidi, na fomu inazidi kuwa kubwa. Linaniomba maji. Nina chupa moja ya semina, nalipatia, linaimaliza, linaomba nyingine. Naliambia sina. Linasema haidhuru, halafu baada ya hatua tatu linaomba tena.

Tunafika. Maabara ya wilaya ni nyumba nzuri, ina vigae, ina kiyoyozi kinachotoa maji. Kwenye dirisha la mapokezi kuna muhuri tu, unaruka wenyewe juu ya meza. Unaisoma fomu.

"Mwenyewe yuko wapi?" Muhuri unauliza.

"Yuko kitandani," nasema. "Hawezi kutembea."

"Aje mwenyewe."

"Angeweza kuja nisingeleta damu yake."

"Na leo ni Ijumaa. Sampuli ni Jumatatu mpaka Alhamisi."

"Na huyu atakaa wapi mpaka Jumatatu?"

Muhuri unaangalia chini, kwenye vigae. Nami naangalia. Pale tone lilipokuwa limesimama pana alama ya kahawia na kandambili mbili ndogo. Nakasirika kiasi cha kutaka kulia. Nataka kulivunja dirisha, lakini kwenye ndoto zangu, kama kazini, mkono wangu unaishia kujaza fomu nyingine.

Ndipo nasikia mtu akiniita kutoka chini.

"Huku, dokta. Sisi tumefungua."

Chini ya ngazi ya maabara kuna tundu, na mbele ya tundu sisimizi mmoja amevaa koti jeupe lililomzidi. Nainama, na nikishainama naweza kuingia. Ndani ni maabara safi kuliko zote nilizowahi kuona. Sisimizi wamejipanga kwenye madawati, kila mmoja na kitone mbele yake, wanaonja, wanaandika.

"Hii imesajiliwa?" nauliza. Sijui kwa nini ndilo swali langu la kwanza.

"Haijasajiliwa," anasema mkuu wao, huyo wa koti. "Hatuna cheti, hatuna mashine, hatuna mafuta ya jenereta. Tunapima mkojo. Wenye sukari tunabaki nao, usio na sukari tunauacha. Hatujawahi kukosea."

"Milembe mnamjua?"

"Wiki ya tatu sasa. Kila asubuhi tunatoa majibu."

"Mbona hayanifikii?"

"Tunayaweka sakafuni kwao, pale anapokojoa. Tunajipanga vizuri kabisa, mstari mmoja, ili msomaji asipate shida. Mama yake anatufagia." Anasema bila uchungu. "Mama hana kosa, yeye si tabibu."

Wale waliokuwa wanaandika wameacha kuandika.

"Tuna swali moja, dokta," mkuu anasema. "Jana jioni, alipolegea, ulimpa nini?"

"Nilimtundikia dripu."

"Ya nini?"

Kwetu mtu akilegea tunamtundikia dripu ya aina moja. Tunawapa watoto, tunawapa wazee, tunawapa walioishiwa nguvu shambani, na ndugu zao huwa wanaiomba kwa jina kabla sijafungua mdomo. Hakuna anayeuliza.

"Ya glukosi," nasema.

Sisimizi wote wanaweka vitone vyao chini. Mkuu anavua koti, analikunja mara mbili, analiweka juu ya dawati.

"Sukari," anasema. "Juu ya sukari."

Niliamka saa kumi na mbili kasorobo. Kulikuwa kumeanza kupambazuka na majogoo walikuwa wameshawika wakachoka. Nilijiambia ni ndoto, na kwamba mtu mzima hakimbizwi na ndoto. Nilijiambia hivyo nikiwa nimeshafika mlango wa chumba cha mapumziko.

Milembe alikuwa bado anapumua, zile pumzi ndefu, na mdomo wake ulinuka tunda lililoiva sana. Dripu ilikuwa imebaki robo. Mama yake alikuwa amechuchumaa kando ya kitanda, ameshika kandambili, anapiga sakafu taratibu ili asimwamshe mwanawe. Kutoka mlangoni mpaka kwenye khanga iliyolowa mkojo chini ya kitanda sisimizi walikuwa wamejipanga, mstari mmoja, mweusi, umenyooka.

"Shikamoo, dokta," alisema bila kugeuka. "Hawa wadudu sijui wamenifuata. Hata nyumbani ni hivihivi, wiki ya tatu hii, kila asubuhi nafagia pale anapokojoa mtoto."

Nilifunga dripu. Niliichomoa ile chupa nikatundika ya maji ya chumvi.

"Mbona unaitoa?" aliuliza. "Si ndiyo nguvu yake hiyo?"

Nilimwambia siyo malaria. Nilimwambia afunge vitu vyake, tunakwenda wilayani sasa hivi, mtoto akapimwe. Nilikuwa nimeshampigia mwenye pikipiki, simu iko sikioni, inaita.

Mama Milembe alisimama. Hakupandisha sauti.

"Akapimwe," alisema. "Kwani wiki zote hizi tatu, dokta, ulikuwa unamfanya nini?"

Simu ilikuwa imeshaacha kuita, hakuna aliyepokea. Niliendelea kuibana sikioni hivyohivyo, ili nisimjibu.