Agosti ya Misikhu

Baba yangu, Muigai, analima mahindi nje ya Kitale, na kwake kazi ni kazi. Nilipomwambia nakwenda Misikhu kuchunguza kampuni moja kabla ya kutuma maombi ya kazi, aliweka kikombe chini akanitazama.

"Wakiuru, unaomba kazi ama unataka kununua kampuni?"

Nilicheka, lakini safari sikuivunja. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeajiriwa kama karani hapa mjini Kitale, nikajikuta nampikia bosi chai na kuosha gari lake. Sikuwa tayari kudanganywa tena. Tena hii ilikuwa nafasi yangu ya mwisho: nikiikosa, Baba alikwisha kubaliana na mjomba nikasimamie posho mill yake ya kusagia unga, kule Moi's Bridge. Kula vumbi la unga mpaka nizeeke? Hapana.

Tangazo lilisema kampuni ya mbegu inatafuta afisa wa nyanjani, Bungoma. Basi. Afisa huyo anashinda akifanya nini? Wakubwa wake wanampima kwa kitu gani? Aliyekuwa kwenye nafasi hiyo alikwenda wapi? Hayo ndiyo niliyoyataka, na hayakuandikwa.

Siku ya soko niliingia katika duka la Mama Wilkista pale Misikhu, huko Bungoma, anakouza mbegu za kampuni hiyo hiyo. Alinitilia shaka mara moja.

"Wewe ni mtu wa kodi?"

"Hapana, mama. Natoka Kitale, nataka kuomba kazi kwa hawa," nikaonyesha pakiti za mbegu. "Lakini nataka nijue kwanza hiyo kazi ikoje."

Alicheka mpaka akashika kaunta. "Wewe ndio wa kwanza kuuliza. Wengine wanakujanga na tai tu, harafu wanafutwa."

"Wanafutwa kwa nini?"

Alinisogezea kiti.

"Huyu wa mwisho, Ngari, alikuwa kijana mzuri, bana. Lakini ofisi iko huko kwenu Kitale, na wanapanga mambo na akiri ya Kitale. Ati siku ya wakulima, ile ya kuonyesha watu mahindi ya kampuni, ni Agosti, juu huko kwenu mahindi imesimama vizuri. Sasa hapa kwetu, kila miaka miwili, Agosti ni ya kutahiri vijana. Nani ataenda kuangalia mahindi? Mwenye ako na kijana ako na wageni, na mwenye hana ako kwa jirani anakula. Ngari aliweka hema, akaleta soda. Wakakuja wazee wawili. Hiyo soda tulikunywa sisi wenye maduka."

"Hakuwaeleza wakubwa wake?"

"Angesema nini? Alikuwa mgeni kama wewe. Alifikiria watu wamemkataa. Na mwenye alikuwa mbele yake, ni hivyo hivyo."

"Na Agosti hii inayokuja?"

"Ni ya tohara," alisema.

Nilirudi Kitale nimekasirika kwa ajili ya mtu nisiyemjua. Nikatuma maombi, nikaitwa.

Meneja aliitwa Kagwe. Aliniuliza swali lile la kila mahali: ninajua nini kuhusu kampuni yao. Ningeweza kuwasifu tu, nikapewa kazi, kisha Septemba nikafutwa. Au nimweleze ukweli na nianze kuzoea unga wa mjomba. Nikamweleza yote, mpaka zile soda.

"Ngari tulimfuta kwa uvivu," alisema Kagwe polepole.

"Hakuwa mvivu. Mlimtuma Bungoma bila kuwauliza watu wa Bungoma."

"Dada, ni mimi ninayekuhoji ama ni wewe unayenihoji?"

"Tunahojiana. Kazi naitaka sana, lakini siku ya wakulima ikibaki Agosti, msiniajiri. Mtanifuta bure."

Aliinuka. Nikadhani anakwenda kunifungulia mlango, nikaanza kukusanya vyeti vyangu. Yeye akatoa kalenda ukutani, akaiweka mbele yangu pamoja na kalamu.

"Wewe ungeiweka lini?"

Nikatia alama Julai, mahindi ya Bungoma yakiwa yamebeba na kila mtu yuko nyumbani. Kisha, kwa kuwa hasira zilikuwa hazijaniisha, nikamuuliza kama bado ana nambari ya simu ya Ngari, ampigie amwambie kosa halikuwa lake.

Kagwe akatoa simu mfukoni, akaanza kuitafuta nambari hiyo.