Zita wa Kwenye Matangi

Jina la Zita liliingia nyumbani kwa Adelfina kabla mwenyewe hajaonekana. Danstan, mume wa Adelfina, alikuwa akisafisha maji machafu katika kiwanda kidogo cha kupaka vyuma zinki, nje kidogo ya mji wa Biharamulo. Tangu aletewe mwenzake wa kazi, hawakula chakula bila habari zake. Zita kasema chokaa ikorogwe kwanza. Zita kagundua kwa nini tope halitulii. Adelfina alimpakulia mumewe maharage, roho ikimchoma. Tangu amwoe na kumtoa kwao Rulenge, Danstan hakuwahi kumweleza kazi yake hata siku moja.

Mchana mmoja akajifunga kitenge kipya, akabeba chakula ambacho hakuna aliyekiagiza, akaenda.

Aliwakuta wameinama juu ya tangi. Danstan alinyoosha mkono bila kugeuka, na Zita akamtilia kiganjani karatasi ya kupimia maji. Hakuwa ameombwa. Wakaitazama pamoja ikibadilika rangi. Angewakuta wamekumbatiana, Adelfina angejua la kufanya.

"Baba Happy!" aliita, akakatiza uani.

"Shemeji, simama! Usikanyage hapo!" Zita alipaza sauti.

Bomba lilikuwa limepasuka asubuhi ile, na dimbwi la tindikali lilionekana kama maji ya mvua tu. Zita alimrukia, akamvuta kiunoni, bakuli la chakula likaanguka. Mguu mmoja ulikuwa umeshalowa. Danstan alikuja mbio na mpira wa maji safi, akaumwagia muda mrefu, huku Zita akitandaza chokaa juu ya dimbwi. Ngozi ilikuwa nyekundu tu. Danstan na Zita wakatazamana, wakashusha pumzi kwa pamoja. Adelfina aliliona na hilo.

"Pole, shemeji," Zita alisema.

"Asante." Neno hilo lilimtoka kwa shida, likimuuma kuliko mguu.

Jioni alimuuliza mumewe bila kuzunguka. "Unampenda?"

"Zita? Ana mume wake, Mama Happy."

"Sikuuliza kama ana mume."

"Napenda kuongea naye. Kazi anaielewa."

"Mimi umenieleza lini nikashindwa kuelewa?"

Danstan akaanza kumweleza, kwanza kwa kusitasita: maji yanayosuuza vyuma hutoka na tindikali na zinki isiyoonekana kwa macho, yakifika bondeni hivyohivyo, mashamba ya watu yataharibika, chokaa ndiyo inayoifanya ile zinki igande, izame chini.

"Na hilo tope mnalipeleka wapi?"

Danstan akasogeza kigoda karibu. Swali hilo, alisema, hata wao linawaumiza vichwa. Kwa sasa wanalifungia kwenye mapipa.

Wivu haukumtoka Adelfina. Kesho yake jina la Zita lilipotajwa, lilimchoma vilevile. Lakini alikuwa na maswali mengine kuhusu yale mapipa, akayauliza yote, na Danstan akachelewa kwenda kazini akiyajibu.