Namba Iliyokwenda Lubudi

Kosa la programu lilikuwa limesharekebishwa tangu asubuhi, na ndiyo maana Jocelyne Mbelu alitamani kuipasua kompyuta. Kama asingejua dawa, angalau angetulia. Dawa alikuwa nayo mbele ya macho yake, na ghala lilikataa kuipokea.

Ghala lenyewe halina mlango wala paa. Ni ghala binafsi la vifurushi vya programu, limekodiwa kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za watu wa mbali, na ofisi yao ndogo ya Kolwezi huweka humo kila programu inayoandika. Kompyuta ya mizani kule depo, wachimbaji wa mtaa wa Kasulo wanakouzia mawe yao ya kobalti, huchota humo na si kwingine. Zamani programu ilipelekwa kwa flashi, mpaka mnunuzi mmoja akachomeka flashi yake na magunia yote yakapungua uzito. Wachimbaji wakaja na gundi ya viatu, wakaziba matundu ya kompyuta kwa mikono yao wenyewe. Tangu hapo hakiingii kitu ila kutoka ghalani.

Sasa depo ilikuwa imefunga mizani mpya, na programu ya Jocelyne, isiyoielewa mizani hiyo, ikawa inamega uzito wa kila gunia. Tena anayesimama pale kusoma uzito kwa sauti ni Gradi, mdogo wake. Wachimbaji hawakukawia kuunganisha mambo: dada anaandika, kaka anasoma, wamenunuliwa wote wawili.

Simu ikalia. "Yaya, batu banafunga mulango," Gradi alimwambia dada yake, na nyuma ya sauti yake zilisikika kelele na ngurumo za lori la kubeba magunia. "Banasema kama kilo hazirudie mbele kamiyo iende, batanipiga. Fanya mbio!"

"Minafanya, Gradi. Minafanya!"

Alikuwa hafanyi lolote, na hilo ndilo lililomchoma. Ufunguo wa kupakia vifurushi ulikuwa umekwisha muda. Ili kupata mwingine, ghala hutuma namba za siri kwenye simu ya mwenye akaunti, na mwenye akaunti ni Tata Kyungu, bosi, mtu anayeamini kuwa kila ufunguo duniani sharti ukae mfukoni mwake. Jocelyne akabonyeza. Simu ya Tata Kyungu ikalala kimya mezani.

"Tata Kyungu, uliandikaka nimero gani?"

Bosi akajikuna kisogo. "Ile ya zamani. Ile telefone nilimupaka Mama, na kadi yake ndani."

Jocelyne akafumba macho. Kila mtu hapa hufanya hivyo: ukinunua simu mpya, ya zamani unampelekea mama yako na laini yake humo humo, asihangaike. Hakuna ubaya. Lakini ghala zima la kampuni kulifungia kwenye laini ya mama mzazi huko Lubudi, mbali na Kolwezi, bila kumwambia mtu! Alikuwa na maneno ya kumwambia bosi wake, akayameza machungu yalivyo.

Tata Kyungu akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Mama, kuko mesaji ya namba imeingia. Unisomee."

"Nani anasema?"

"Njo mi, Kyungu. Mutoto yako."

"Hapana. Kyungu aliniambia: mutu akiomba namba ya mu telefone, ata akisema njo mi, ukatale. Bezi banajuaka kuiga sauti." Mama Adolphine akakata.

Jocelyne akacheka kicheko kibaya. Namba za siri zikapitwa na wakati, akaomba nyingine. Bosi akapiga tena, akabembeleza, akakatiwa tena. Gradi naye akapiga tena. Zilisikika sauti za wanaume tu, na kitu kinachogonga bati. Jocelyne akaomba namba mpya, na safari hii akampokonya bosi simu.

"Mama Adolphine, tafazali! Ni mi Jocelyne wa mu bilo, ofisi ya Kyungu. Ndugu yangu batamupiga!"

"Binti, kila mwizi iko na ndugu mu matatizo." Kisha akauliza: "Kama huyo ni Kyungu kweli, aseme: alikuya kuniona mara ya mwisho wakati gani?"

Tata Kyungu akafungua mdomo. Jocelyne akamkodolea macho: sema, mzee, sema chochote! Mdomo ukabaki wazi, hakikutoka kitu.

"Ah," alisema Mama Adolphine. "Njo weye. Mwizi angejibu mbio. Haya, andika."

Akazisoma moja moja, polepole, na Jocelyne akaziandika mbio kwenye kompyuta. Ghala likakubali. Kifurushi kikapanda, na kule depo kompyuta ikakichota. Akasubiri, simu mkononi, mpaka Gradi alipopiga.

"Yaya, kilo zimerudia. Banapima mupya yote."

"Na weye?"

"Shati tu njo imepasuka."

Jocelyne akaketi. Bila kuomba ruhusa ya mtu, akaingia kwenye akaunti, akafuta ile namba ya Lubudi, akaandika yake. Tata Kyungu alimwona na hakumkataza. Simu ya bosi ilikuwa mezani, laini bado haijakatwa.

"Kyungu, ulipata ile ulikuwa natafuta?"

"Nilipata, Mama."

"Bon, haya. Sasa utakata."

Tata Kyungu akaichukua simu, akaibana sikioni kwa mikono miwili, na hakukata.