Jiwe Lililopasuka Kwenye Kompyuta

Kitendawili! Ana mdomo lakini hasemi, humeza ng'ombe na njaa haimwishi.

Kwingine mngenipa mji. Hapa kwetu Malinya hashindwi mtu: ni shimo la dhahabu. Watu wa zamani walichimba, wakafukia, wakaondoka duniani bila kuonyesha ni wapi. Mvua zilizopita ng'ombe wa jirani yangu Zilpah alizama miguu ya nyuma huku anakula nyasi zake kwa amani, tukamtoa kwa kamba. Basi mwanangu aliponiletea matofali anijengee nyumba, badala ya kufurahi nikaanza kuogopa. Nyumba ni nzito kuliko ng'ombe. Na mahali nilikuwa nimeshachagua: pale karibu na njia, nione nani anapita na amebeba nini.

"Kukhu, usijenge kwanza," akasema Maurine, mjukuu wangu anayesomea takwimu, yule aliyepanga chumba Shirere, karibu na chuo chake. "Tutengeneze picha ya udongo."

"Kwa kamera gani inayoona chini ya ardhi?"

"Kwa nyundo."

Nikadhani ananitega. Kumbe anasema kweli! Tulitandaza kamba shamba zima hadi likawa miraba miraba. Fundi Osiako, ambaye alikuwa ameshapigilia vigingi vya nyumba, akaambiwa apigilie chuma kwa nyundo katika kila mraba mpaka kizame hadi alama tuliyokichora. Mimi nikihesabu mapigo na kupaza sauti, Maurine akiandika kwenye kompyuta yake barazani, maana waya wa stima uliishia hapo. Migomba ilitutenganisha. Alinisikia tu, hakuniona. Udongo ulioshikana ulitaka mapigo mengi, uliolegea machache. Kwenye lile jiwe langu kubwa ninapoanikia mihogo, chuma kilikataa kabisa, nami nikawa naita, "Jiwe! Jiwe tena!" Hapo Maurine aliandika nambari kubwa kuliko zote.

"Mama," Osiako akalalamika akijifuta jasho, "nimejenga tangu ujana wangu, sijawahi kuambiwa niipige ardhi kama ngoma."

"Wewe piga, baba. Mimi nitacheza."

Tulipomaliza tukakimbilia barazani. Naam, nilikimbia, na goti langu hili. Nikaona nambari zimejipanga kama matokeo ya mtihani.

"Picha iko wapi?"

"Imo humo humo kwenye nambari, Kukhu. Kuna programu itaitoa. Inaitwa R."

"R nani?"

"R tu."

"Hilo si jina, huyo ni mtu aliyekatizwa akijitambulisha."

Maurine akacheka, akaandika maneno mafupi, akabonyeza. Jamani! Kila nambari iligeuka kimraba chenye rangi yake, penye mapigo mengi peupe, penye machache peusi, na shamba langu likalala kwenye kioo kama nguo iliyoanikwa. Nikapiga makofi. Kisha nikamwona Maurine uso umemshuka. Picha ilikuwa mistari mitupu, nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe, haina kichwa wala mguu.

Osiako akachungulia. "Hii ni ardhi au ni pundamilia? Mimi naenda kuchimba msingi, jua halinisubiri." Akachukua jembe, akaenda zake kwenye vigingi.

Mimi nilikuwa bado natafuta jiwe langu. "Maurine, jiwe limepasuka lini? Naona meno meupe upande huu, na meno mengine upande ule."

Akainua kichwa. "Kukhu, mstari wa miraba ukiisha, mwingine ulikuwa unauanzia wapi?"

"Pale pale nilipofika. Nageuka, narudi. Kwani ng'ombe wa kulima akifika mwisho wa shamba hubebwa mgongoni hadi mwanzo?"

Maurine alishika kichwa kwa mikono miwili, kisha akacheka hadi machozi. Akanieleza: kompyuta husoma kama sisi tunavyosoma kitabu, kila mstari huanzia kushoto. Mimi nilikuwa nimelisoma shamba kama plau.

"Fundi!" nikapaza sauti kuliko nilivyoita mawe. "Weka hilo jembe chini!"

Maurine akaandika tena: kila mstari wa pili ugeuzwe. Nikamshika bega. Akabonyeza.

Jiwe likaungana. Likawa moja, jeupe, mahali pake. Na upande wa pili, karibu na njia, weusi wa mviringo kama kitako cha chungu.

Osiako alikuja na jembe begani. Akatazama kioo, akatazama vigingi vyake, akatazama kioo. Weusi ule ulikuwa katikati ya sebule yangu.

"Labda ni mchwa," akasema. Lakini sauti ilikuwa imepungua.

Akachukua chuma, akaenda, safari hii asiishie kwenye alama. Mapigo machache, halafu hakukuwa na haja ya nyundo tena: kiliingia kwa mkono kama mwiko kwenye uji, kikaenda chote. Osiako akaruka nyuma kama aliyekanyaga siafu.

Mimi nikapiga vigelegele.

"Mama, unashangilia nini? Nyumba yako imekosa kiwanja!"

"Imekosa kaburi, fundi! Ng'oa vigingi!"

Aling'oa mwenyewe, haraka, akapazungushia miiba. Kisha akamgeukia Maurine. "Haya mwalimu, nionyeshe penye weupe."

Nyumba sasa iko kando ya jiwe. Njia siioni, ni kweli, lakini mihogo ikichemka wapita njia hujileta wenyewe. Ile picha Maurine aliichapisha mjini, nikaitundika ukutani. Wageni hudhani ni kitambaa, huuliza ni nani aliyekifuma. Nami nawatega: nina kitambaa kilichofumwa kwa nyundo.

Wameshanipa Mumias, wamenipa Kisumu, juzi Zilpah akanipa hadi Mombasa. Nimeichukua miji yote.